Daftari la Taisto

Mume wangu Taisto alikuwa mhasibu
wa kiwanda cha karatasi, Oulu, miaka thelathini na minne.
Hakuwahi kupoteza hata senti ya mwenye mali.
Basi daktari alipomwambia ana kisukari
alinunua daftari lenye jalada jeusi,
akapiga mistari kwa rula: asubuhi, mchana, jioni,
na kila tarakimu akaiandika kwa wino wa buluu.

Ikiwa juu, alinuna siku nzima.
Ikiwa chini, alinionyesha kama mtoto aliyepata mia kwa mia.
Chini ndiyo njema, Hilkka.
Nami nikapika samaki bila viazi,
nikaficha mikate ya iliki katika kabati la mashuka,
nikaila peke yangu, nimesimama, kama mwizi.

Miaka kumi na miwili tuliogopa utamu tu.
Nyumba huteketea kwa moto, hilo tulilijua.
Kwamba huweza pia kuganda, hatukuwaza.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa Februari.
Nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na shuka upande wake limelowa chepechepe.
Nikamshika bega: jasho, na jasho lenyewe baridi.
Akaniita kwa jina la dada yake
aliyezama mtoni akiwa na miaka tisa,
akauliza kama ng'ombe wamekwisha kukamwa.
Sisi tunaishi ghorofa ya nne.
Kidole, tone, mashine: mbili nukta moja.
Juisi ya beri nyeusi, niliyoikamua mwenyewe Agosti,
funda kwa funda, nyingine ikimtiririka shingoni,
na baada ya robo saa mume wangu akarudi
kama inavyowaka taa ya ngazini, kwa kusitasita.
Kulipokucha aliiandika ile mbili nukta moja.
Kisha kalamu ikabaki hewani.

Ukaja usiku wa pili. Ukaja wa tisa.
Haba na haba hujaza kibaba;
kwetu haba na haba ilikuwa ikikimwaga.
Kila aliposhuka kule alirudi,
ila hakurudi na mizigo yake yote:
mara aliacha jina la jirani,
mara njia ya duka la dawa,
na asubuhi moja aliacha kujumlisha.
Mhasibu! Saba na nane.
Akavitazama vidole vyake kama vya mgeni.

Hapo fundo likajikaza.
Akisahau kwamba amejidunga, hujidunga tena.
Kusahau kukashusha sukari,
sukari ikishuka ikazidisha kusahau,
paka anayefukuza mkia wake,
lakini paka, angalau, huchoka.

Daktari Yliniemi, mwenye soksi za sufu ndani ya kandambili,
alilisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa.
"Kipi kilianza, ubongo au sukari, sijui," akasema.
"Huenda vinashikana mikono.
Ila kwa umri huu sitaki tena tarakimu za kujivunia.
Nataka asishuke."
Akapunguza dozi, akafuta kidonge kimoja,
akatuwekea kiwango kipya,
juu ya kile tulichokesha tukikiogopa.
Taisto alimkodolea macho
kama mtu anayeambiwa hesabu zake zote ni sahihi,
ila ni za kampuni nyingine.

Sasa sindano nashika mimi.
Naificha katika kabati la mashuka.
Mikate ndiyo iko mezani.

Daftari bado ni lake. Anapiga mistari,
imenyooka kuliko yangu, wala haweki kitu ndani yake.
Jana jioni aliinua kichwa, akauliza:
kati yangu na wewe, nani anamdai mwenzake?
Nikakosa jibu. Nikampa kipande chenye siagi.
Akatafuna taratibu, amefumba macho, kama anayekagua.
"Iliki," akasema.

Nikaichukua kalamu,
nikaiandika hiyo, safu ya jioni.